Faranga Mia kwa Neno

Redio ilianza kwa sababu ya magodoro.
Namegabe alikuwa nayo mia tatu, dukani Nyawera,
yamepanda hadi darini,
na mji uliotoka vitani ulikuwa bado unalala mikekani.
Akanunua mtambo Bujumbura;
ulivuka Ruzizi kwenye karatasi za forodha
ukiitwa friji.

Chumba cha juu. Dirisha moja, robo ya ziwa.
Zihindula, mlehemu milango, ndiye aliyesimamisha mlingoti,
kuta akazivika magodoro ili honi zisiingie.
Wimbo wa kwanza ulikuwa rumba ya kaseti.
Ulipofika katikati mashine ikautafuna,
na mji mzima ukamsikia Zihindula
akiomba penseli.

Kamembe, ng'ambo, nchi ya wenyewe, walitupata safi.
Bagira, watu wetu, kilima kiliwaziba.
Walitundika nyaya kwenye migomba
wakatupata jioni tu, umeme ukiwa na huruma.

Mimi nilikaa kaunta, chini ya ngazi.
Salamu za harusi, mbuzi aliyepotea, vyeti vilivyodondoka sokoni Kadutu,
na vifo. Faranga mia kwa neno.
Nilihesabu kwa ncha ya kalamu.
Watu walijifunza upesi:
"ameaga dunia" ni mia mbili, "ametutoka" ni mia.
Neno la kwanza kukatwa lilikuwa "mpendwa".

Nsimire, akiwa maikrofoni, alilirudisha.
Kila marehemu aliyepita kinywani mwake
alipendwa, bure.
Chini dukani Namegabe alisikiliza, akikunja vidole,
na mwisho wa mwezi akamkata mshahara:
wapendwa arobaini na mmoja.

Na baada ya vifo, bila hata kuvuta pumzi,
tangazo la mwenye nyumba:

     Godoro la Namegabe,
     ulaliapo hushuki,
     hata baridi ikabe,
     asubuhi huamki.

Wakaja wajane watatu, wamefunga vitambaa, hawakutaka kuketi.
Tulirekodi upya siku hiyohiyo.

Wiki ile ya risasi tulifunga.
Waliovunja mlango hawakugusa mtambo, hawakugusa kaseti.
Walibandua magodoro ukutani
wakateremka nayo vichwani, taratibu, kama watu wanaohama.
Tuliporudi hewani chumba kilikuwa na mwangwi.
Msikilizaji wa Panzi akatuandikia: sasa mnasikika kama kanisa.
Namegabe akafurahi. Kuta zikabaki uchi.

Halafu miaka, ile isiyo na kisa.
Kampuni za simu zilinunua asubuhi, bia ikanunua jioni.
Nsimire aliolewa Uvira.
Zihindula alishuka mlingotini siku moja
akasema magoti yamekataa, akaniachia funguo ya spana.
Wanamuziki wa Essence walileta nyimbo kwenye flashi
na noti iliyokunjwa chini ya flashi.
Ikaja kompyuta. Usiku ilicheza peke yake,
na mlinzi, mtu aliyewahi kufukuza wezi kwa mawe,
aliiogopa.

Namegabe alikufa Februari,
hospitalini, juu ya godoro la mtu mwingine.
Wanawe walileta tangazo la kurasa mbili: vyeo, wajukuu, safari za Dubai.
Walitaka bure.
Niliwaonyesha ukuta, mwandiko wake mwenyewe:
HAKUNA MKOPO, HATA MIMI.
Wakatazamana. Nikachukua kalamu, nikakata,
nikakata, yakabaki maneno kumi na moja.
Walipoondoka nikaongeza la kumi na mbili.

Kijana alilisoma mbiombio, jicho moja kwenye simu.
Na kompyuta, isiyojua kufiwa, ikapekua tumbo lake,
ikatoa kanda ya kwanza kabisa, ile ambayo hakuna aliyekumbuka kuifuta,
na sauti ya Nsimire, bado msichana,
ikauimbia mji mzima na nusu ya Kamembe:
asubuhi huamki.

Nilikuwa nimeshika risiti yangu.
Mpendwa, moja.
Faranga mia tano, siku hizi.